Uzinduzi wa Buabua

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Sababu nitaitoa mwishoni, kwa hiyo msinisumbue kwa sasa. Jueni tu kwamba ni nchi nzuri, ina bahari upande mmoja na serikali pande zote zilizobaki, na mimi ni raia wake mtiifu. Naitwa Shomari. Ni mpiga picha wa Wizara ya Bahari, Anga na Vilivyo Katikati, na kazi yangu ni kumpiga picha Mheshimiwa Waziri akikata utepe. Nimeifanya kwa muda mrefu, hata nikiona vidole vyake tu naweza kukwambia anazindua nini.

Kwanza mwelewe jambo moja, maana bila hilo mtadhani nawatania. Katika nchi yetu kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Kinaweza kuonekana, kinaweza kushikika, unaweza hata kujigonga nacho ukavimba paji la uso, lakini hakipo. Kuna daraja lilikamilika zamani, likapakwa rangi, na watu wakaendelea kuvuka mto kwa kuogelea chini yake huku wakilitazama, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na udhuru. Kuna wodi ya wazazi iliyokaa na kufuli mlangoni na mashuka mapya ndani, na akina mama wakajifungulia kwenye benchi la nje. Sisemi kwa ubaya. Nilikuwepo siku ilipozinduliwa, na picha zilitoka vizuri.

Uzinduzi nao una taratibu zake. Pawe na maturubai, viti vilivyovishwa vitambaa, kwaya, keki, utepe, na mtu wa kusema "itifaki imezingatiwa" kabla ya kuirudia itifaki yote upya. Lakini kubwa kuliko yote ni mawe meupe. Popote atakapokanyaga mgeni rasmi, lazima njia yake ipangwe mawe kushoto na kulia, yapakwe chokaa, yang'ae. Bila mawe meupe mgeni rasmi hajui pa kupita, na yeye asipojua pa kupita, taifa zima limepotea.

Yakumbukeni hayo mawe. Tutayarudia.

*

Wizarani kwetu alikuwepo Bi. Sihaba Makame, Afisa wa Ndege wa Bahari. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, akiishi humo na mashine ya fotokopi iliyokufa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitupa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, amesoma sana, na kosa lake kubwa lilikuwa kudhani kwamba ameajiriwa kwa ajili ya ndege.

Ndege mwenyewe ni buabua. Kama hujawahi kumwona, ni mweupe, mwembamba, ana kofia nyeusi kichwani na mkia uliogawanyika kama mkasi. Dume akitaka mke huenda baharini, akarudi na dagaa mmoja mdomoni, akampelekea jike na kungoja jibu. Bi. Sihaba aliniambia kuna wengine hukataliwa, dagaa akachukuliwa vilevile. Buabua hajengi kiota. Hukwaruza mchanga kwa kifua, akataga yai lenye madoadoa linalofanana na kokoto, na hapo ndipo nyumbani. Jua likiwa kali husimama juu ya yai na kulitilia kivuli, maana likiachwa wazi adhuhuri hata kwa muda mfupi, linaiva.

Zamani walitaga fukwe zote za nchi. Zikaja hoteli, wakaja mbwa wa hoteli, wakaja watu wa kuokota mayai ya kukaangia, na mwisho buabua wakabaki na ufukwe mmoja tu, Ras Tundwi. Wakiukosa huo, basi. Bi. Sihaba alikuwa hasemi "basi" hiyo kwa sauti. Aliisema kwa kunyamaza, na mimi niliyemzoea nilikuwa naisikia.

Siku moja akapanda ngazi mpaka kwa Waziri. Mimi nilikuwemo ofisini humo, nikimpiga Waziri picha akiwa anafikiri.

"Mheshimiwa, naomba jambo moja," alisema Bi. Sihaba. "Watu wasikanyage Ras Tundwi tangu ndege wanapotaga mpaka makinda waruke. Ni kipupwe tu, miezi michache ya baridi. Baadaye waende watakavyo."

"Bajeti yake?"

"Haina bajeti, Mheshimiwa. Ni kutokwenda."

Waziri alimtazama kama mtu aliyeletewa chai bila kikombe. "Bi. Sihaba, mwanangu, serikali haiwezi kutokwenda. Wananchi watasema tumelala."

"Lakini Mheshimiwa, ndege hawataki kitu kingine."

"Ndege hawajui wanachotaka. Ndiyo maana kuna wizara."

Na kwa kuwa Waziri wetu ni msikivu, palepale akaagiza uandaliwe Mpango Mkakati wa Kitaifa wa Kutokwenda Ras Tundwi. Uandaliwe, ushirikishe wadau, kisha uzinduliwe rasmi kwa mkutano mkubwa wa hadhara. Bi. Sihaba akauliza mkutano huo utafanyika wapi.

"Ras Tundwi," alisema Waziri. "Au ulitaka nikakataze watu kwenda mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika?"

*

Mpango ukaandaliwa. Ulipendeza. Wadau wakakutana hotelini, wakakubaliana kwamba hali ni mbaya, wakala, wakakubaliana tena. Kipupwe kikaingia, na buabua, ambao hawakuwa kwenye orodha ya waalikwa, wakafika Ras Tundwi kwa wakati wao wa kila mwaka. Madume wakaanza safari zao za dagaa.

Bi. Sihaba akaenda kituo cha polisi kuomba askari wa kuzuia watu wasiingie ufukweni. Mkuu wa kituo, mtu muungwana kabisa, akamkaribisha kiti.

"Dada yangu, marufuku imeshazinduliwa?"

"Bado. Wanatafuta tarehe."

"Sasa nikimkamata mtu leo nitamkamatia nini? Kwenda ufukweni si kosa mpaka Waziri aende ufukweni kusema ni kosa."

Kwa hiyo Bi. Sihaba akawa anakwenda ufukweni mwenyewe. Anafukuza mbwa, anawasihi waokota mayai, anawazuia maharusi waliokuja kupiga picha wakirukaruka mchangani. Maharusi walimuuliza yeye nani. Akasema ni serikali. Wakacheka, kwa sababu hakuwa na gari.

Ukurasa mwingine wa mateso yake ulikuwa Bwana Ngwali, Mkuu wa Itifaki. Bwana Ngwali hana ubaya na mtu. Ana tabasamu la kudumu na tai inayolingana na kila bendera. Tarehe ilipopatikana, nayo ikaangukia katikati kabisa ya kipindi cha kuatamia, saa sita mchana, Bi. Sihaba akamkimbilia.

"Bwana Ngwali, saa hiyo ndege wakiondolewa juu ya mayai, mayai yataiva."

"Saa nyingine Mheshimiwa hana nafasi. Je, hao ndege hawawezi kusogeza mbele kutaga?"

"Wameshataga."

"Bila kutuarifu?" Bwana Ngwali alisikitika kweli. "Hilo ndilo tatizo la sekta hii. Hakuna uratibu."

Bi. Sihaba akaenda zake chini ya ngazi. Nilimfuata na chai. Hakuinywa. Alisema, "Shomari, hivi mimi nazungumza lugha gani?" Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake, lakini mwajiriwa wa serikali hukasirika baada ya saa za kazi, na hata hapo kwa kiasi.

*

Asubuhi ya uzinduzi nilifika mapema kutafuta mahali pa kusimama. Maturubai yalikuwa tayari. Utepe ulikuwa tayari, umefungwa kati ya mikorosho miwili iliyoletwa kwenye ndoo kwa shughuli hiyo. Na kutoka kwenye magari mpaka jukwaani ilinyooka njia, ikiwa na mistari miwili ya mawe meupe, mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona maishani. Mawe madogo, ya mviringo, yanayolingana, yamepakwa chokaa mbichi, yanameremeta. Nikapiga magoti kuyapiga picha.

Niseme hapa, kwa faida ya wageni, kwamba Ras Tundwi ni mchanga mtupu. Hakuna mawe. Vijana wa Kikosi cha Usafi na Mapokezi walipofika alfajiri na ndoo zao za chokaa walihangaika sana, wakahofia kazi zao. Kisha wakaona Mungu hakuwaacha. Kiongozi wao alinisimulia mwenyewe, bado ana furaha.

"Tukakuta vijiwe vya madoadoa vimetapakaa huku na huku, ovyo, kimoja hapa, viwili pale. Tukasema hapana, hii si hadhi ya mgeni rasmi. Tukavikusanya, tukavipanga. Vingine vilipasuka mkononi, tukajua hivyo ni vibovu, tukavitupa."

Nilikuwa bado nimepiga magoti aliposema hivyo. Kamera ilikuwa imelenga, na ndani ya kioo chake akatua buabua. Akaanza kutembea kando ya mstari ule, polepole, akitazama kila kijiwe, anarudi, anatazama tena. Kisha akachagua kimoja, sijui kwa alama gani, akakifunika kwa kifua chake. Kifua kikapata chokaa. Wa pili akatua. Wa tatu. Muda si muda mistari yote miwili ya mapokezi ilikuwa na ndege wameatamia, wamepangana kama gwaride.

Nilishusha kamera. Nasema wazi, niliumia. Nimepiga picha majengo yaliyoanguka wiki moja baada ya uzinduzi na kamera sikuishusha.

Bi. Sihaba alifika akiwa anakimbia na viatu mkononi. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akachukua yai moja, akalifuta chokaa kwa ncha ya mtandio wake, akaliweka pembeni mchangani. Akachukua la pili. Bwana Ngwali akamjia na tabasamu lake.

"Bi. Sihaba, unafanya nini?"

"Haya ni mayai."

Bwana Ngwali akainama, akatazama, akaona ni kweli. Mtu huyu si mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi. Akasimama tena akatengeneza tai. "Nakubali," alisema. "Lakini kwa sasa ni mapambo ya njia. Ukiyatoa, Mheshimiwa atapita wapi? Subiri aondoke, kisha uchukue yote, hata mimi nitakusaidia kubeba."

Ving'ora vikasikika. Vijana wa Kikosi wakawafukuza ndege waliokuwa wamekalia mapokezi, na Bi. Sihaba akaombwa kwa heshima kukaa kiti chake. Kilikuwa nyuma ya nguzo ya turubai.

*

Uzinduzi ulifana. Kwaya iliimba beti nyingi za kumsifu buabua kwa uvumilivu wake. Mshereheshaji alisema itifaki imezingatiwa, akaizingatia tena. Juu yetu buabua walikuwa wanazunguka wakilia, na jua lilikuwa utosini, na mayai meupe yalikuwa wazi. Nilikuwa nayatazama mayai. Nilijua Bi. Sihaba nyuma ya nguzo yake anayatazama pia.

Kisha biriani likafunuliwa, na harufu yake ikaita kunguru.

Kunguru wetu mnawajua. Walikuja kwa biriani, lakini walipokuwa angani wakaona chini kitu ambacho hakuna kunguru aliyewahi kuonyeshwa waziwazi hivyo: mayai ya buabua, ambayo Mungu aliyaficha kwa madoadoa, sasa ni meupe pepe kwenye mistari miwili iliyonyooka. Wakatua mwanzo wa njia. Wakaanza kula wakielekea jukwaani, kwa mpangilio, upande wa kushoto na upande wa kulia, kama wageni waalikwa.

Waziri alikuwa kwenye kipaza sauti. Akawaona. Akanyanyua mkono.

"Ndugu wananchi! Wapo wataalamu, sitawataja majina, waliokuja ofisini kwangu wakidai ndege hawa wanatoweka. Tazameni wenyewe. Hao hapo! Wengi, wanene, wana afya, wanakuja mbele kuisikiliza serikali yao!"

Makofi yakapigwa. Bi. Sihaba akasimama nyuma ya nguzo. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini niliisikia, na nadhani meza kuu pia iliisikia.

"Mheshimiwa, hao ni kunguru."

Bwana Ngwali akatoa ishara ya kidole kimoja, na kwaya ikaanza ubeti mwingine.

Buabua waliondoka wakati wa keki. Hawakuondoka mmoja mmoja. Waliinuka wote pamoja, wakakaa angani kidogo, kisha wakaelekea baharini, na hapakuwa na kelele tena. Niliipiga picha hiyo. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Gazetini hawakuitumia kwa sababu Waziri hayumo.

*

Waziri akikosea hadharani, katika nchi yetu hakosei yeye, hukosea kile alichokitaja. Wiki iliyofuata Gazeti la Serikali likatoa marekebisho: kuanzia tarehe hiyo buabua ni ndege mweusi, mwenye shingo ya kijivu, apatikanaye fukweni, sokoni na jalalani. Vitabu vya shule vikabadilishwa. Takwimu za buabua zikapanda vizuri mno, hata shirika moja la nje likatupa tuzo ya uhifadhi, ambayo nayo ikazinduliwa. Bi. Sihaba alipewa cheti cha utumishi bora chenye picha ya kunguru.

Alikitundika juu ya fotokopi. "Nimechoka, Shomari," aliniambia. "Afadhali wangeniambia hawawataki ndege. Ningejua napambana na nini. Hawa wanawapenda."

Nilidhani ataacha kazi. Hakuacha. Kipupwe kilichofuata, mchana mmoja, alikuja mezani kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Twende mahali. Kamera iache hapahapa."

Tulikwenda kando ya pwani mpaka kwenye uzio wa mabati yenye kutu. Mbele yake lilisimama bango: KITUO CHA TAIFA CHA UTALII WA MAWIMBI. MRADI UNAENDELEA. HAKUNA RUHUSA KUINGIA. Nililikumbuka jiwe lake la msingi. Nililipiga picha mwenyewe enzi za Waziri aliyepita, na tangu siku hiyo mradi haukuendelea hata hatua moja. Sasa mahali pa namna hiyo, katika nchi yetu, hapaguswi. Kiongozi haendi kwa kuogopa kuulizwa. Mwananchi haingii kwa kudhani kuna mlinzi. Mlinzi alishaondoka siku nyingi, na geti alikwenda nalo, mbele pakabaki bango tu.

Bi. Sihaba akanionyesha tundu kwenye bati. Nikachungulia.

Ndani kulikuwa na kokoto za ujenzi zilizomwagwa zikasahauliwa, zimesambaa mpaka karibu na maji. Juu ya kokoto walikuwa wamekaa buabua. Wachache, hawafiki hata robo ya wale wa Ras Tundwi, lakini ni wao, na kofia zao nyeusi. Dume mmoja alikuwa anashuka na dagaa. Chini ya toroli lililopinduka, kwenye kivuli, kinda mmoja wa rangi ya vumbi alikuwa amejibanza, ananitazama kwa jicho moja.

"Haya," nilisema. "Tumwambie nani?"

Bi. Sihaba alinitazama mpaka nikaona haya.

*

Na hapo ndipo Waziri, akiwa amenogewa na tuzo, alipotangaza kwenye kikao kwamba ule mradi wa mawimbi ufufuliwe mara moja, tingatinga ziingie Jumatatu, pajengwe Makumbusho ya Taifa ya Buabua. Nilikuwa kwenye kona na kamera yangu. Nilimtazama Bi. Sihaba. Makinda walikuwa bado hawajaota mbawa za kurukia.

Akanyoosha mkono. Wakubwa wakakunja nyuso, wakijua wataombwa jambo dogo lisilo na bajeti.

"Mheshimiwa," alisema, "wazo ni zuri mno, na kwa uzito wake naomba tusilipeleke mbio. Naomba iundwe kamati."

Wakubwa wakakunjua nyuso.

"Kamati ya kitaifa," aliendelea. "Yenye kamati ndogo. Zipate hadidu za rejea, zifanye upembuzi yakinifu, zishirikishe wadau. Na kabla haijaanza kazi, kamati yenyewe izinduliwe rasmi, siku Mheshimiwa atakapopata nafasi."

Waziri aliinuka kitini, akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalikuwa yamemlengalenga. "Bi. Sihaba," alisema, "sasa umekomaa." Nikapiga picha. Hiyo gazetini ilitoka.

Tarehe ya kuzindua kamati bado inatafutwa. Makinda waliruka kitambo. Kipupwe hiki wamerudi, wameongezeka kidogo, na Bi. Sihaba, ambaye siku hizi ni Mkurugenzi na ana ofisi yenye dirisha, amependekeza pawepo na kamati ya kupitia majina ya wajumbe wa kamati. Vigogo wanamtolea mfano kwa watumishi vijana. Yeye mwenyewe hafurahi. Kuna siku aliniambia, "Nilisoma ili nije kutenda, Shomari. Angalia nilichoishia kuwa hodari nacho." Hawezi kuandika popote kwamba ndege wake wako hai. Akiandika, itasomwa wizarani. Kila siku kazini anathibitisha kwa sahihi yake kwamba kunguru ni buabua, kisha jioni anapitia kwenye tundu la bati.

Basi, niliwaahidi sababu. Najua wapo miongoni mwenu ambao tangu ukurasa wa kwanza mmekuwa mkitabasamu na kusema, nchi hii naijua, na bango lile nimewahi kulipita. Huenda ni kweli. Huenda hata uzio mmeuona, na sauti za ndege nyuma yake mmezisikia. Nawaomba kitu kimoja tu, hakina bajeti. Msiende. Msimwambie mtu. Habari ikifika kwa wanaoipenda sana nchi yetu watajaa furaha, watatafuta tarehe, na mtu atatumwa dukani kununua chokaa.